Kabla ya Theluji, Tazama Matairi

Ukifika Minnesota, Maine, Quebec au Alberta kutoka Dar es Salaam, Goma au Nairobi, wenyeji watakushauri mambo mawili kuhusu baridi: nunua koti zito, kisha nunua fowili. Koti nunua leo. Fowili ngoja kwanza. Hela ya kupanda kutoka gari la kawaida hadi lile linaloendeshwa na magurudumu yote manne ni nyingi, na kuna kitu cha bei ndogo zaidi kitakachokulinda kuliko hiyo: matairi manne ya baridi.

Sababu ni rahisi, ila wengi huelezwa wakiwa tayari mtaroni. Gari barabarani lina kazi tatu: kuondoka, kukata kona na kusimama. Injini ikizungusha magurudumu manne badala ya mawili, inakusaidia sana kuondoka, kidogo kwenye kona, na haikusaidii chochote kusimama. Kila gari, liwe la bei rahisi au ghali, lina breki kwenye magurudumu yote manne. Ukikanyaga breki, kinachobaki kati yako na lori lililosimama mbele ni mpira wa matairi na barafu iliyo chini yake.

Hesabu yake ni hii. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa kwenye lami kavu, gari lenye matairi mazuri husimama ndani ya mita 12 au 13 tangu breki zishike. Kwenye theluji iliyoshindiliwa na magari, mita hizo hufika kama 40. Kwenye barafu tupu hukaribia 100, yaani urefu wa uwanja wa mpira. Hapo bado hujahesabu sekunde moja ya kushtuka, ambayo peke yake inakula mita 14. Tairi la baridi hupunguza mita hizo za theluji na barafu. Maandishi ya AWD (magurudumu yote husukuma) nyuma ya gari hayapunguzi hata moja.

Tairi la baridi lina nini

Mpira wa tairi la kiangazi umetengenezwa kwa ajili ya joto. Hewa ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi huanza kukakamaa, na kadiri baridi inavyozidi ndivyo unavyoshindwa kujibana na uso wa barabara, hata kama barabara ni kavu. Mpira wa tairi la baridi umechanganywa kwa namna nyingine ili ubaki laini hata nyuzi 20 chini ya sifuri. Asubuhi ya Januari nenda kwenye maegesho ukabonyeze kwa kidole gumba: tairi la kiangazi halibonyei, la baridi linabonyea kidogo.

Kisha inama uangalie meno yake. Kila jino la tairi la baridi limechanjwa chanjo nyembamba nyingi, nyembamba kiasi kwamba kadi ya benki ingeingia kwa shida. Gari likiwa linatembea chanjo hizo hufunguka na kufunga, na kingo zake ndizo zinazokwaruza barafu. Mifereji mipana iliyo kati ya meno inashika theluji na kuibana ndani. Hilo ndilo lengo lake, kwa sababu theluji hushikana na theluji vizuri kuliko inavyoshikana na mpira mtupu.

Hapa ndipo sisi tuliojifunza udereva kwenye tope tunapotoka njia. Tairi la tope hutakiwa kujisafisha: linazunguka kwa kasi, linarusha tope nje, meno makubwa yanatafuta udongo mgumu chini. Tairi la theluji linafanya kinyume. Kwa hiyo yale matairi makubwa yenye meno ya kutisha ambayo kijijini yanaheshimiwa, kwenye barafu ya mjini huwa dhaifu: mpira wake mgumu, chanjo zake chache. Usiyanunue kwa sura.

Wafini waliliona jambo hili mapema. Kiwanda cha Suomen Gummitehdas kilitoa tairi la theluji la malori mwaka 1934, na mwaka 1936 likafuata Hakkapeliitta la magari madogo, jina ambalo liko madukani hadi leo.

Ukiingia dukani utatajiwa aina nyingi, na majina yanachanganya makusudi au kwa bahati mbaya. Acha majina, soma alama ubavuni mwa tairi. Herufi M+S maana yake ni kwamba mchoro wa meno unafaa kwa matope na theluji. Mtengenezaji anaiweka mwenyewe na hakuna jaribio linalodaiwa. Alama unayoitaka ni mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na ndani yake chembe ya theluji. Tairi lenye alama hiyo limejaribiwa kwenye theluji likapita kiwango. Jaribio hilo ni la theluji, si la barafu, hivyo alama ni mwanzo wa kuchagua na bado kuna matairi yanayozidiana.

Matairi yanayouzwa kama ya misimu yote, ambayo gari nyingi za Amerika Kaskazini huja nayo, mara nyingi yana M+S peke yake. Kwa mvua na baridi ndogo yanatosha. Kwa majira ya baridi ya Winnipeg hayatoshi, na sitaki mtu akudanganye. Kuna aina ya kati, ya kukaa nayo mwaka mzima, iliyo na alama ya mlima. Hiyo inafaa kwa anayeishi mahali pa theluji ya mara chache, au asiye na pa kuhifadhi seti ya pili. Anayepita barabara za barafu kila alfajiri kwenda kiwandani anunue matairi ya baridi yenyewe.

Halafu kuna matairi ya misumari. Kwenye barafu ngumu yanashika vizuri kuliko yote. Kwenye lami kavu yana kelele, yanachimba barabara, na breki zake si nzuri. Ndiyo maana sheria zinatofautiana. Mkazi wa Minnesota haruhusiwi kuyatumia. Maine inayaruhusu kuanzia tarehe 2 Oktoba hadi 30 Aprili, na Quebec kuanzia 15 Oktoba hadi 1 Mei. Kwa anayeishi mjini mahali ambapo barabara husafishwa, tairi laini lisilo na misumari linatosha kabisa.

Na kwa kuwa tumeigusa sheria: Quebec inalazimisha matairi ya baridi kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi, na M+S peke yake haikubaliki. British Columbia inayadai kwenye barabara zake nyingi za milimani na za kaskazini kuanzia 1 Oktoba, ingawa huko M+S inakubaliwa. Ujerumani, tangu Oktoba 2024, inataka alama ya mlima kila barabara inapokuwa na theluji au barafu. Minnesota na Maine hazilazimishi gari dogo kuwa nayo. Zisipolazimisha, jilazimishe.

Nunua manne. Nalisisitiza hili kwa sababu kuna muuzaji atakayekubali kukuuzia mawili, na kuna fundi atakayekubali kuyafunga mbele kwa kuwa gari lako linavuta kwa mbele. Matokeo yake ni gari linaloondoka vizuri na kushika vizuri mbele, kisha kwenye kona ya kwanza nyuma inateleza, inaipita mbele ya gari, na wewe unajikuta unatazama ulikotoka. Mawili mapya mbele na makuukuu nyuma ni hatari kuliko manne makuukuu yanayolingana.

Ukinunua yaliyotumika, na wengi wetu tunaanzia hapo, angalia mambo mawili. La kwanza ni kina cha meno. Chukua sarafu ya Kimarekani ya senti 25, ichomeke katikati ya meno kichwa cha Washington kikiwa chini. Ukiona utosi wake, kimebaki kina kisichofika milimita 3.2, na tairi hilo halifai tena theluji. Idara ya uchukuzi ya Kanada inashauri usiende kwenye theluji na tairi lililokaribia milimita 4. La pili ni umri: ubavuni, mwishoni mwa namba inayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. 3619 maana yake wiki ya 36 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo, na tairi la baridi lililozeeka limepoteza ule ulaini uliolipia.

Pima upepo kila mwezi. Joto likishuka nyuzi 5 au 6, tairi hupoteza takriban psi 1. Tairi lililojazwa sawasawa Septemba litakuwa limepungukiwa Januari bila pancha yoyote.

Masika ya huko yakifika, yavue. Mpira laini huisha haraka kwenye lami yenye joto na breki zake hurefuka. Kwa sababu hiyo hiyo nakuomba usiyapakie matairi ya baridi yaliyochoka kwenye kontena kumpelekea ndugu Mombasa au Dar es Salaam. Yataonekana yana meno, lakini kwenye jua la kule yatamwangusha.

Gari lako linasukumwa na magurudumu yapi

Gari linalovuta kwa mbele wengi wanalo, na kwa theluji ya mjini ni zuri kuliko sifa linayopewa. Uzito wa injini umekaa juu ya magurudumu yanayofanya kazi, hivyo linaondoka bila taabu. Udhaifu wake ni kwenye kona: ukiingia na kasi, unakata usukani na gari linaendelea mbele moja kwa moja. Hapo mkono unataka kukata usukani zaidi. Usiufuate. Toa mguu kwenye mafuta, rudisha usukani kidogo, subiri matairi yashike, ndipo ukate tena taratibu.

Gari linalosukuma kwa nyuma lina tabia nyingine. Ukikanyaga mafuta kwa pupa kwenye kona, nyuma inatangulia kutoka. Toa mafuta polepole, tazama kule unakotaka kwenda, elekeza usukani huko huko. Macho yakiganda kwenye mtaro, mikono itakupeleka mtaroni. Mwenye pikapu tupu ana shida kubwa zaidi kwa sababu nyuma ni nyepesi. Weka mifuko ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma na uifunge vizuri isije ikaruka mbele ukifunga breki. Mchanga huo huo utakufaa ukikwama.

Fowili ya kuchagua, ile ya pikapu na ya Land Cruiser za zamani zilizotaka ushuke ufunge habu kwa mkono, ni gari la kusukuma kwa nyuma mpaka utakapoiwasha. Iwashe barabara ikiwa nyeupe. Lami ikianza kuonekana kavu, izime, kwa kuwa ekseli ya mbele na ya nyuma zimefungwa pamoja, na kwenye kona magurudumu hayawezi kuteleza kidogo ili kusawazisha tofauti. Gari linakuwa zito, linaruka, na unaweza kuvunja gia. Gia ya chini ya fowili ni ya kujikwamua, si ya safari.

AWD inajiendesha yenyewe. Nyingine husukuma magurudumu manne muda wote, nyingine hubaki za mbele tu mpaka gurudumu liteleze ndipo kompyuta iamshe za nyuma. Zote mbili ni msaada wa kweli kwenye mlima, kwenye njia ya nyumbani isiyosafishwa, na asubuhi ambayo greda la theluji limekuachia tuta mbele ya maegesho. Anayeishi mashambani au anayelazimika kufika hospitali zamu ya usiku, na uwezo anao, anunue, ila na matairi ya baridi. Hatari yake ni kwamba inakuficha hali ya barabara. Gari la magurudumu mawili likiteleza wakati wa kuondoka limekuonya. AWD inaondoka kimya, unafika kilomita 80 kwa saa, na onyo unalipata kwenye breki. Ukiwa nayo, jionye mwenyewe: barabara ikiwa tupu nyuma yako, kanyaga breki kidogo kwa mwendo mdogo usikie kama inashika.

Gari la umeme lina uzito mwingi na nguvu zake huja papo hapo, kwa hiyo mguu uwe mwepesi zaidi. Ukitoa mguu, mota yenyewe hufunga mwendo ili kurudisha chaji. Kwenye barafu kufunga huko kwaweza kutelezesha magurudumu, basi punguza kiwango chake kwenye mipangilio. Na kwenye baridi betri hukufikisha umbali mfupi zaidi.

Barabarani

Theluji nzito inayoonekana haitishi kama siku ya nyuzi sifuri. Barafu iliyo karibu na kuyeyuka ina utando wa maji juu yake, na huteleza kuliko barafu ya nyuzi 20 hasi. Chumvi inayomwagwa barabarani hufanya kazi vizuri baridi ikiwa ndogo. Ikizidi nyuzi 9 hasi hivi nguvu yake hupungua sana, na mchanga au kemikali nyingine hutumika. Madaraja huganda kabla ya barabara kwa sababu baridi inayapiga juu na chini. Kuna pia barafu isiyoonekana, ile inayoonekana kuwa lami iliyolowa tu. Tazama matairi ya gari la mbele yako: lami ikiwa inang'aa kama ina maji lakini matairi hayo hayarushi matone, basi hayo si maji.

Mahali pengine pa kuogopa ni mita za mwisho kabla ya taa za barabarani. Magari mengi yamefunga breki hapo, mengine yamezungusha matairi wakati wa kuondoka, na theluji imesuguliwa hadi ikawa kioo. Anza kupunguza mwendo mapema kuliko unavyodhani inafaa. Achia gari la mbele sekunde nane hadi kumi kwenye barafu: chagua nguzo, likiipita anza kuhesabu. Usishindane na greda la theluji, kaa nyuma yake, maana barabara iliyo mbele yake ni mbaya kuliko unayopita. Na ule mfumo wa kushikilia mwendo wenyewe bila mguu uzime.

Breki zenye ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge kabisa, hukanyagwa kwa nguvu na kushikiliwa. Utasikia pedali ikitetemeka chini ya kiatu na mlio wa kusaga. Wengi hushtuka wakadhani kimevunjika kitu, wakatoa mguu wakati ule ule wanapouhitaji. Usitoe. ABS inakuachia usukani ufanye kazi wakati unafunga, utumie kukwepa. Kwa gari kuukuu lisilo na ABS, kanyaga na kuachia kwa mapigo. Kumbuka pia kwamba mfumo wa kuzuia gari lisizunguke umekuwa lazima kwa magari madogo yote mapya ya Marekani kuanzia modeli za 2012. Ukinunua la kabla ya hapo, uliza kama linao.

Theluji ya kwanza ikianguka nenda kwenye maegesho makubwa yaliyo tupu, Jumapili alfajiri kwa mfano, mwenye eneo akiruhusu. Nenda kilomita 20 au 30 kwa saa, funga breki kwa nguvu, sikia pedali. Kata kona kwa kasi iliyozidi kidogo uone gari linavyokataa. Rudia mpaka mguu ujifunze. Hakuna maelezo yatakayokufunza kama dakika hizo.

Ukikwama

Kwenye tope la nyumbani tumezoea kukanyaga mafuta mpaka litoke. Kwenye theluji, gurudumu linalozunguka huyeyusha kilicho chini yake, kikaganda kuwa barafu, na gari likajichimbia. Ukihisi limezunguka mara moja bila kusogea, acha. Shuka na sepetu, toa theluji mbele na nyuma ya magurudumu, nyunyiza mchanga, nyoosha usukani, kisha ondoka kwa gia ya pili kama ni gari la gia. La otomatiki lina hali ya theluji mara nyingi, itafute kwenye kitabu chake. Kama kompyuta inakata nguvu kila gurudumu linapoteleza, izime kwa muda huo tu.

Ukinaswa barabarani kwenye dhoruba, kaa ndani ya gari. Kabla ya kuwasha injini ili upate joto, shuka usafishe theluji iliyoziba bomba la moshi, na urudie kila baada ya muda, kwa kuwa gesi yake haina harufu, inaingia ndani, na inaua watu wakiwa wamelala. Washa injini dakika kumi hivi kila saa, dirisha likiwa wazi kidogo upande usiopigwa na upepo. Ndani ya buti ziwepo siku zote sepetu ndogo, blanketi, tochi, nyaya za kushtulia betri, glavu na chakula kikavu. Simu iwe na chaji kabla hujatoka nyumbani.

Siku theluji ya kwanza inapoanguka kila mtu hukumbuka matairi saa hiyo hiyo, na foleni kwa fundi hufika wiki kadhaa. Piga simu Septemba, weka miadi ya Oktoba. Na kama katika jengo lenu yupo mgeni aliyeingia mwaka huu, mgongee mlango umwambie naye aweke yake.